Sauti mpya ndani ya Nissan Leaf: fundi wa Makupa amenitoa kimasomaso

Kama una gari la umeme na unataka sauti nzuri, pesa ya kwanza itie kwenye milango. Spika baadaye. Hilo nimelijua baada ya kulipa karakana mbili, na ya pili ndiyo ninayoisifu hapa.

Gari langu ni Nissan Leaf ya 2016, betri ya kWh 30. Lilishuka bandarini Kilindini na kila kitu chake cha Kijapani: maandishi ya skrini, yule mwanamke anayesalimia ukiwasha, na redio inayoanzia 76 na kukomea 90. Baraka FM iko 95.5, kwa hiyo haipatikani. Muuzaji alinitilia ekspanda, kile kidude kinachoyateremsha masafa, Baraka ikawa inakaa kwenye 83.5, lakini kwa mbali, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Muziki wa simu kwa Bluetooth ulikuwa afadhali kidogo.

Mamangu ni mtu wa taarabu. Tukitoka Mtwapa kuja mjini yeye hukaa mbele, na taarabu anayoipenda ni hii yetu ya Mombasa yenye tashkota, ala ambayo nayo asili yake ni Japani kama gari lenyewe. Kila siku alikuwa akiniambia, "Mwanangu, tashkota siisikii. Nasikia ngoma tu."

Watu husema gari la umeme ni kimya. Kwa anayesikiliza muziki, ukimya huo ndio unaoleta shida. Kwenye gari la petroli injini inanguruma na ngurumo ile inafunika mengi. Kwenye Leaf hakuna cha kufunika, basi unasikia matairi yanavyolia kwenye lami iliyochakaa, unasikia upepo kwenye vioo vya pembeni, unasikia plastiki ya mlango ikitetema kila besi inapogonga. Ukiongeza sauti, mlango nao unaongeza wake.

Karakana ya kwanza sitaitaja jina. Kazi yao kubwa ni matatu, na kwa matatu wanajua wanachofanya. Walinitilia amplifaya kubwa na sabufa, ile spika kubwa ya besi, ya inchi 12 kwenye buti. Siku nne nikatembea mjini kioo cha nyuma kikitetemeka. Siku ya tano alfajiri gari halikuwaka. Usiku wa kuamkia siku hiyo betri ilisoma asilimia 80, nakumbuka vizuri kwa sababu nilitazama ili nijue kama nichaji. Nilibonyeza kitufe, taa za dashibodi zikawaka kwa unyonge, zikapepesa mara mbili, zikazima. Kile kigari cha kijani kinachokwambia safari iko tayari hakikutokea kabisa.

Hapa ndipo kila mwenye gari hili anapaswa kuelewa kabla hajamkabidhi mtu ufunguo. Leaf ina betri mbili. Ile kubwa iko chini ya sakafu, ina volti zipatazo 360, na ndiyo inayosukuma gari. Nyingine ni betri ya kawaida ya volti 12, iko mbele chini ya boneti, na hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta, kufuli, taa na redio. Oltaneta hakuna. Kuna kifaa kinachoteremsha umeme wa betri kubwa hadi volti 14 hivi ili kuichaji ile ndogo, na kifaa hicho hufanya kazi hasa gari likiwa limewashwa au linachajiwa. Ukizima na kwenda kulala, ile ndogo inabaki peke yake na chochote kinachoinyonya.

Kilichoinyonya ni amplifaya. Waya wake wa kuamshia ulikuwa umeungwa kwenye umeme usiozimika, basi ikakesha usiku kucha. Betri kubwa imeshiba na gari limekufa! Jirani mwenye Probox ndiye aliyeniokoa kwa nyaya za jampa. Nilirudi pale karakana, nikaambiwa gari za umeme ndivyo zilivyo. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Fundi wa Makupa nilielekezwa na dereva wa teksi ambaye naye ana Leaf. Karakana yake ni ndogo, gari mbili tu zinaingia. Alichofanya kwanza ni kuniomba nikae ndani niweke muziki ninaosikiliza kila siku, si wimbo wake wa majaribio. Akafunga mlango, akauwekea kiganja kwa nje, akasikiliza kwa mkono. Kisha akaufungua, akatoa ubao wa plastiki na kugonga bati la ndani kwa kifundo cha kidole. Likalia kama debe tupu.

"Dada, spika yako imefungwa kwenye hii," akasema. "Hata nikuletee ya laki moja, itaimba debe."

Alileta mikeka mizito ya mpira mweusi yenye foili upande mmoja. Alilifuta bati kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka safi, akabandika kipande kwa kipande, na kila kipande akakipitishia rola ndogo ya chuma mpaka vile vijishimo vya foili vikalala bapa. Matundu ya chini ya mlango aliyaacha wazi. Nilipouliza akanieleza kwamba maji ya mvua hupenya kwenye kioo na kutokea hapo. Ukiyaziba, mlango unaoza kwa ndani. Alipomaliza aligonga tena, mahali palepale. Mlio ulikuwa mfupi, mzito, kama kugonga meza ya mninga. Nilimwomba agonge tena ili nisikie.

Spika alichagua za inchi 6.5 zenye twita, vile vispika vya sauti nyembamba, vinavyofungwa kando, zenye usikivu wa desibeli 91. Mimi nilikuwa nimependa nyingine za 88, nzuri kwa macho. Akanifahamisha kwamba tofauti ya desibeli tatu maana yake zile nyingine zingehitaji umeme maradufu kutoa sauti ileile. Amplifaya nayo ni ya daraja D, ndogo kama daftari, haipati joto sana, na imejificha chini ya kiti cha abiria. Fyuzi iko shubiri moja tu kutoka betri ndogo. Waya wa kuamshia umeungwa kwenye umeme unaokatika gari likizimwa, na alinionyesha kwa mita: nimewasha, 12, nimezima, sifuri. Nyaya nene za rangi ya machungwa, zile za betri kubwa, hakuzikaribia. "Hizo si zangu," alisema, na kwa neno hilo nikamwamini.

Skrini alinikataza kubadilisha, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma na matumizi ya betri. Sauti ya kulisha amplifaya aliichukua kwenye nyaya za spika za kiwandani. Kama Leaf yako ina ule mfumo wa Bose wa spika saba, usibadilishe spika moja moja. Amplifaya na spika zake zilitengenezwa pamoja.

Siku ya kwanza nilimpigia simu kwamba kuna mlio mwembamba nikienda taratibu. Alinijibu nizime muziki kabisa. Mlio ukabaki, na nilipopita kilomita 30 kwa saa ukapotea. Kumbe ni sauti ambayo gari hutoa kuwaonya wapita njia. Ilikuwepo siku zote, mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kuisikiliza.

Kuhusu chaji: amplifaya ikivuta wati 100 kwa saa nzima ni kWh 0.1. Leaf yangu hula kama kWh 15 kwa kilomita 100, basi saa nzima ya taarabu ni kama mita 700 za barabara. AC inakula zaidi ya hapo.

Gharama: mikeka ya milango miwili ya mbele 9,000, spika 11,000, amplifaya 17,000, nyaya na fyuzi 3,500, mkono wa fundi 6,000. Jumla shilingi 46,500. Sabufa niliiuza.

Kasoro zipo. Aliniahidi siku mbili, akamaliza ya nne. Risiti nilipata baada ya kuiomba mara tatu. Redio bado inasikika mtungini, maana ekspanda ni ileile. Na anayetaka besi ya kutikisa kifua hataridhika.

Jumapili tulipokuwa tunapanda daraja la Nyali, mamangu alinyamaza kwa muda, kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya dashibodi, upande wake. "Anayepiga tashkota amekaa hapa," akasema. Milango ya nyuma bado inalia debe. Nimeshaweka nafasi ya mwisho wa mwezi.