Stratford-upon-Avon au Ngome ya Warwick: Kwa Mzazi Mwenye Siku Moja ya Ziada Baada ya Mahafali

Wazazi wa Moshi na Arusha ambao watoto wao wanahitimu katika Chuo Kikuu cha Warwick hujikuta na swali lile lile mara tu picha za mahafali zinapokwisha kupigwa: imebaki siku moja kabla ya safari ya kurudi uwanja wa ndege wa KIA, je, itumike Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa mwandishi wa tamthilia William Shakespeare, au katika ngome ya kale ya Warwick? Jina la chuo huwachanganya wengi, kwa kuwa chuo chenyewe hakiko Warwick bali pembezoni mwa mji wa Coventry, na anayedhani ngome iko nyuma ya ukumbi wa mahafali atalazimika kupanda basi au teksi. Miji yote miwili inapitiwa na mto mmoja, Avon, na umbali kati yake ni kama kilomita 13 tu, kwa hiyo kwenye ramani inaonekana rahisi kuimaliza yote kwa siku moja. Sishauri hata kidogo. Ngome inataka asubuhi na mchana wote, na Stratford, kama nitakavyoeleza, inamtaka mgeni abaki hadi usiku.

Kazi yangu hapa Moshi ni kuwapokea wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro, na kwa sababu hiyo ninapokuwa mgeni kwa watu siwezi kuacha kuangalia namna wenyeji wanavyopokea, wanavyopanga foleni, na mahali wanapoacha kusema ukweli na kuanza kuuza hadithi. Tulikwenda kifamilia: mimi, mke wangu, mhitimu wetu, mdogo wake aliye shule ya msingi, na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake yamekwisha choshwa na miteremko ya Machame. Tathmini hii inawahusu watu wa namna yetu, si msafiri kijana mwenye begi la mgongoni.

Ngome ya Warwick ilianzishwa mwaka 1068, miaka miwili baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza, ikiwa ni boma la miti juu ya kilima cha udongo kilichorundikwa na watu. Kilima hicho kipo hadi leo. Kuta za mawe zilianza kuchukua nafasi ya miti katika karne ya 12, na minara miwili mikubwa inayopigwa picha na kila mgeni, Caesar's Tower wenye urefu wa mita 44 na Guy's Tower wenye pande 12 na urefu wa mita 39, ni kazi ya karne ya 14, wakati ngome ilipokuwa mikononi mwa makabaila wa ukoo wa Beauchamp. Sehemu ninayoipa alama za juu kabisa, hata hivyo, si minara bali lango, ambalo wageni wengi hulipita wakikimbilia ndani. Asiye na haraka asimame katikati ya njia ile ya mawe na ainue uso: juu ya kichwa chake kuna matundu kwenye dari, na mbele yake na nyuma yake kuna nafasi za milango mizito iliyokuwa ikishushwa kwa minyororo, ili adui aliyekwisha kuingia asiweze kusonga mbele wala kurudi, huku walinzi wakimrushia mawe kupitia matundu yale. Msomaji wa Kibosho aliyesimuliwa na wazee habari za ngome ya mawe ya Mangi (chifu) Sina, ile ambayo Wajerumani waliivamia mwaka 1891, ataelewa akili ya lango hili bila kuhitaji kibao cha maelezo.

Ndani ya ukumbi mkuu kuna mavazi ya chuma ya vita, silaha, na sufuria moja ya kale yenye ukubwa wa kupikia msiba wa ukoo mzima. Ukumbi wenyewe uliungua mwaka 1871 ukatengenezwa upya, jambo ambalo mgeni anayedhani kila ubao anaouona ni wa zama za mashujaa wa farasi anapaswa kulijua. Historia ya kweli ya mahali hapa haihitaji kutiwa chumvi: mwaka 1469 Richard Neville, kabaila wa Warwick aliyepewa jina la Mweka Wafalme, alimshikilia hapa mfalme Edward wa Nne kama mfungwa, yaani mtu aliyemsaidia kupanda kitini akawa ndiye anayemfungia mlango. Badala ya kumwacha mgeni azame katika jambo kama hilo, ngome inapenda zaidi kumtia hofu. Fulke Greville, aliyepewa ngome hii mwaka 1604 ikiwa imechakaa na kuigeuza kuwa makao ya fahari, alichomwa kisu na mtumishi wake mwenyewe mwaka 1628; mauaji yalitokea London, lakini mzimu wake umetengewa mnara Warwick.

Hilo halipaswi kumshangaza anayejua mwendeshaji ni nani. Familia ya Greville iliiuza ngome mwaka 1978 kwa kampuni ya sanamu za nta ya Tussauds, na leo inaendeshwa na Merlin Entertainments, kampuni ile ile yenye viwanja vya michezo vya Legoland. Kwa hiyo kinachouzwa ni siku ya familia: maonyesho ya tai na kozi wanaoruka chini kabisa juu ya vichwa vya watazamaji, wapiganaji wa mapanga, sanamu za nta ndani ya vyumba vya mabwana, na tausi wanaotembea bustanini kama wenye nyumba. Mtoto wetu wa shule ya msingi alifurahi kuliko alivyofurahi mahali pengine popote katika safari ile, na mama yangu, aliyekataa katakata kupanda ngazi za minara, aliketi kwenye nyasi akitazama ndege akaona fedha yake imerudi. Ngazi hizo alizikataa kwa haki. Ni nyembamba, zinazunguka, zina nguzo ya mawe upande mmoja na ukuta upande wa pili, na kwa kuwa njia ni ya kwenda mbele tu, mtu akichoka katikati hawezi kugeuka bila kuwasumbua wote walio nyuma yake.

Kuhusu bei nitasema kwa kifupi: hubadilika kulingana na siku, anayenunua tiketi mapema mtandaoni hulipa kidogo kuliko anayefika getini mikono mitupu, na onyesho la kutisha la gerezani huuzwa kwa tiketi ya ziada na halikusudiwi watoto walio chini ya miaka 10. Chakula cha ndani ni ghali, bebeni chenu. Aliye na saa moja ya kubaki mjini aende Kanisa la Mtakatifu Maria, ambako Richard Beauchamp, aliyefariki mwaka 1439, amelazwa kwa sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, mikono ikiwa imeinuliwa juu ya kifua. Hapo ndipo nilipoona uso wa bwana wa ngome, bila kelele wala muziki.

Stratford ni bidhaa ya aina nyingine, na ni ngumu zaidi kuinunua vizuri. Mtu anayefika asubuhi na kuondoka saa kumi ana haki ya kulalamika. Ataiona nyumba ya Henley Street, ya mbao na udongo, ambamo baba yake Shakespeare alikuwa akishona na kuuza glavu. Ataonyeshwa karakana yenye ngozi zilizotundikwa, na kioo cha dirisha ambacho wageni wa karne zilizopita, akiwemo mwandishi Walter Scott, walikikwaruza majina yao. Kisha atatoka nje na kukuta mtaa wa maduka yanayouza vikombe, penseli na mabata ya plastiki yenye ndevu za Shakespeare. Nyumba kubwa aliyoinunua mshairi huyo mwaka 1597 baada ya kufanikiwa, New Place, haipo tena: mwaka 1759 kasisi aliyekuwa akiimiliki, Francis Gastrell, aliibomoa, baada ya kuwa amekwisha ukata mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare, kwa kuchoshwa na watu waliokuja kuuchungulia. Kama mtu ninayeishi kwa wageni, namlaani kwa upande mmoja, lakini kwa upande mwingine namwelewa zaidi ya ninavyotaka kukiri. Mahali pale sasa ni bustani nzuri, na bustani nzuri Moshi tunazo.

Nyumba ya Anne Hathaway, mke wake, iko Shottery, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka katikati ya mji; imeezekwa kwa nyasi na inapendeza, ila kwa mwenye siku moja naiweka ya mwisho. Kanisa la Utatu Mtakatifu lililo kando ya mto naliweka la kwanza. Shakespeare alibatizwa humo tarehe 26 Aprili 1564 na akazikwa humo tarehe 25 Aprili 1616, na juu ya jiwe la kaburi yamechongwa maneno yanayombariki atakayeyaacha mawe hayo na kumlaani atakayehamisha mifupa yake. Kuingia kanisani hakuna tiketi, isipokuwa mgeni huombwa mchango anapotaka kusogelea kaburi. Mama yangu, ambaye hajapata kusoma hata ukurasa mmoja wa mtu huyu, alikaa hapo muda mrefu kuliko sisi sote, akasema aliyeandika laana ile aliwajua binadamu. Kwetu sisi, ambao hadi leo tunasikia wazee wa Old Moshi wakiuliza liko wapi fuvu la Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900 na ambaye kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, maneno yale hayasomeki kama mapambo ya kaburi.

Pamoja na hayo, kama Stratford ingekuwa na nyumba hizo na kaburi hilo tu, ningesema ngome inashinda bila ubishi. Kinachogeuza hukumu yangu ni jioni. Jumba kuu la maonyesho la Royal Shakespeare Company liko ukingoni mwa mto, kando ya mahali ambapo jumba la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1879, liliteketea kwa moto mwaka 1926. Jumba jipya lilifunguliwa mwaka 1932, na baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2010 jukwaa lilisogezwa mbele katikati ya watazamaji, nao wakazunguka pande tatu. Kiti cha mbali kabisa, ambacho zamani kilikuwa mita 27 kutoka jukwaani, sasa kiko mita 15 tu. Maana ya hesabu hiyo niliihisi pale mwigizaji alipomgeukia mwenzake na kunong'ona, na mnong'ono ukafika kwetu tulioketi ghorofani katika viti vya bei ya chini kana kwamba tulikuwa mezani pao. Mchana kutwa tulikuwa tumeonyeshwa vitu ambavyo huenda mtu fulani alivigusa. Usiku ule tulipewa kazi yake yenyewe, ikifanya kazi, watu wakicheka mahali pa kuchekea miaka mia nne baadaye.

Kikwazo ni lugha, na ni kikwazo cha kweli hata kwa waliosoma Kiingereza hadi chuo kikuu, kwa kuwa Kiingereza cha jukwaani ni cha zamani na hutiririka upesi. Msomaji wa Kiswahili ana dawa ambayo wageni wengi wa mataifa mengine hawana: Mwalimu Nyerere alituachia Mabepari wa Venisi na Juliasi Kaizari, na Samuel Mushi, mwenye jina la ukoo ambalo hapa Moshi halihitaji utambulisho, alitafsiri Makbeth na Tufani. Ikiwa moja ya hizo ndiyo inayochezwa, isomeni nyumbani kabla ya safari, hata kwa mafungu, na wapeni wazee muhtasari wa kisa wakati wa chakula cha jioni. Mama yangu alifuata kwa kuangalia nyuso, akanibana ubavu mara kadhaa kuuliza yule ni nani kwa yule, na hakusinzia. Vijana wa miaka 14 hadi 25 wana tiketi za bei nafuu, kwa hiyo mhitimu anaweza kugharimu kidogo kuliko mzazi wake.

Gharama inayosahaulika ni malazi. Maonyesho ya jioni huanza karibu saa moja na robo au saa moja na nusu na mara nyingi huvuka saa nne, wakati treni za kurudi zimekuwa haba, kwa hiyo hesabuni usiku mmoja wa nyumba ya wageni Stratford kuwa sehemu ya bei ya tiketi. Tulilala katika moja yenye vyumba vidogo na ngazi zinazolia, na kifungua kinywa kilichomfanya mama asahau vyumba.

Kwa mwenye watoto wadogo tu, au anayepaswa kulala Coventry au London usiku ule ule, jibu ni Warwick. Kwa familia yenye mhitimu na wazazi wanaoweza kukaa hadi usiku, jibu ni Stratford, mradi jioni hiyo kuna tamthilia. Jambo hilo la mwisho lihakikisheni kabla ya kulipia chochote, kwa sababu kampuni ile hucheza pia kazi za waandishi wengine, na Jumapili mara nyingi jukwaa hupumzika. Siku yenu ya ziada ikiangukia Jumapili, nendeni ngomeni asubuhi na mapema, na kama mahafali ni yale ya Januari, chukueni makoti mazito, maana upepo wa juu ya kuta hauna huruma na minara inaweza kufungwa hali ya hewa ikichafuka.