Mvinyo wa 2005 walioutesa Westlands

Naandika nikiwa bado na hasira. Kuna mkahawa mmoja Westlands, mishumaa mezani na bei za kukutoa jasho, ambao kwenye orodha yao ya mvinyo kuna Rioja Gran Reserva ya 2005, mvinyo mwekundu wa Uhispania uliokomazwa muda mrefu. Nilisisimka kuiona. Mavuno ya mwaka ule kule Rioja yalipewa daraja la juu kabisa, na chupa za umri huo si za kukutana nazo kila siku hapa Nairobi.

Mhudumu aliileta ameikamata shingoni, inaning'inia, inayumba. Nikamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, chupa ya umri huu huachwa itulie kwanza, mashapo yashuke." Akajibu, "Usijali boss," akaichomeka kizibuo na kuanza kuisokota kama anayefungua nati za gurudumu. Kizibo kilikuwa kimekauka. Nusu ikatoka, nusu ikabaki. Akakisukuma kile kipande kwa mpini wa kijiko mpaka kikatumbukia ndani, akamimina. Vumbi jeusi glasi nzima, na chembe za kizibo zikielea juu. Nilipomwonyesha akaniletea kichungi cha chai. Kichungi cha chai! Ukingoni kilikuwa bado na majani.

Kijana yule nilimsamehe, hajafunzwa. Aliyenichoma ni meneja. Alikuja, glasi hakuitazama, akasema mbele ya wageni wangu: "Mvinyo mkuukuu huwa hivyo. Kama hamjazoea, tuwaletee ule mtamu."

Eti hatujazoea! Huu ni mvinyo ambao kanuni za Rioja zinadai ukae angalau miaka 5 kabla ya kuuzwa, 2 kati ya hiyo ndani ya pipa. Mashapo yake ni rangi na tanini (ule ukali unaokausha mdomo) zilizoshikana zikazama, si kasoro hata kidogo. Kasoro ni kuyatikisa. Tena chupa wanazisimamisha rafuni muda wote chini ya taa za moto badala ya kuzilaza, kizibo kinakauka, halafu wanashangaa kinavunjika.

Tukaiacha chupa itulie, tukala mbuzi wetu. Baadaye nikamimina mwenyewe, polepole, mwanga wa simu nyuma ya shingo ili nione mashapo yakikaribia. Jamani. Ukingoni rangi ya tofali, harufu ya ngozi na majani makavu ya tumbaku, ukali wote umeisha, na ladha inakaa mdomoni hata ukishameza. Mke wangu aliomba glasi yangu pia. Hasira ikapoa, nikajiambia nitarudi, ila nitapiga simu siku moja kabla waisimamishe chupa mahali pa baridi, mashapo yashuke.

Kisha ikaja bili, ada ya huduma imo. Huduma ipi?

Mvinyo naupa nyota 5, mkahawa 1. Kama wamebaki na chupa nyingine na watakubali niibebe nyumbani, nitaifuata hata kesho. Kukaa mezani pale, hapana. Labda meneja yule aondoke kwanza.