Broadcast News: nilikuwa upande wa mwenye sauti

Kuna kijana hapa Mwanga, Kigoma, huniwekea filamu tatu kwenye flashi kwa buku. Mbili nilizomwagiza zilikuwa za ngumi. Hii ya tatu alijazia tu, nikaifungua Jumamosi usiku nikiwa na mgebuka na ugali wa muhogo. Mgebuka ulipoa.

Ni ya Marekani, ya mwaka 1987, imeandikwa na kuongozwa na James L. Brooks. Wafanyakazi watatu wa habari za televisheni, Washington. Jane (Holly Hunter) ni mtayarishaji anayejitengea muda wa kulia peke yake, akimaliza anafuta uso, kazi inaendelea. Aaron (Albert Brooks) ni mwandishi mwenye kichwa hasa. Tom (William Hurt) ana sura na sauti, mengine anaazima.

Mapema tu kuna kanda inahaririwa huku taarifa ya habari iko hewani, kisha dada mmoja anatimua nayo mbio korido nzima, anapita chini ya droo iliyoachwa wazi, anafika kwa pumzi ya mwisho. Nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Nimefanya kazi redioni, mbio zile nazijua.

Lakini kilichonichoma ni pale Tom anaposoma habari za dharura. Aaron yuko nyumbani, anampigia Jane simu kumpa ukweli, Jane anamnong'oneza Tom kwenye kifaa cha sikioni, Tom anautoa kwa watazamaji kama wake.

Juni 2020, Burundi ilipomwapisha Évariste Ndayishimiye, msomaji wa habari nilikuwa mimi, mtoto wa Tanga mwenye besi. Jina lile lilinishinda mara mbili hewani. Mwenzangu, Muha wa Kasulu, ndiye aliyeiandika habari yote. Akawa nyuma ya kioo ananitamkia kwenye hedifoni, silabi moja moja. Jioni watu walinisifu mimi. Nikazipokea sifa, tena kwa mikono miwili. Kwa hiyo Aaron alipopata nafasi ya kusoma mwenyewe, jasho likamtoka mpaka shati likalowa, wenzangu wangecheka. Mimi nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Kasoro zipo. Inapita saa mbili, na kipande cha mwisho, miaka saba baadaye, kinaburuta. Kiingereza chao ni cha mbio, hakikisha una maandishi chini. Mambo ya chozi la Tom sisimulii, yaone mwenyewe. Iliteuliwa mara 7 kuwania Oscar ikatoka mikono mitupu, yaani hata yenyewe iliishia kama Aaron. Kwangu nne kati ya tano.

Yule mwenzangu nilimpelekea flashi. Siku ya tatu akanitumia sauti ya WhatsApp, sekunde tano: "Kaka, hebu litamke lile jina."