Mfuko wa maji wa kutunzia insulini: Dar hadi Mbeya na paka mwenye sukari

Kwa wenye haraka: kama barabara yako inapanda bara, huu mfuko ununue. Kama safari zako ni za pwani tu, Dar, Bagamoyo, Pangani, Tanga, hela yako iweke kwenye deli zuri la kubebea barafu. Wengine tuendelee, maana sababu yake haijaandikwa kwenye boksi, mimi nimeiona kwenye kipimajoto.

Mwenye sukari ni Mwenyekiti, paka wangu. Dume, amehasiwa, mnene, na jina amelipata kwa tabia yake ya kukalia kiti cha mgeni na kutohama. Najua unacheka. Jirani yangu hapa Mbezi aliniuliza kwa uso mkavu kabisa kama huwa nampa soda. Paka wanapata kisukari kama watu, hasa madume wanene wa kukaa ndani, na dalili ni zilezile: maji hayamtoshi, mchanga wa trei unalowa kila baada ya muda mfupi, anakula na bado anakonda. Anachomwa insulini ya glargini, ileile ya binadamu inayouzwa duka la dawa, kwa dozi aliyopanga daktari wa mifugo, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, akishakula.

Mwezi wa kumi ilibidi niende Uyole kukaa na mama baada ya operesheni ya jicho. Kumwacha Mwenyekiti nyumbani lilikuwa wazo la kwanza. Dada wa kazi akaniambia wazi: "Mama, kumpikia nitampikia, choo chake nitatoa, ila kumchoma sindano kiumbe cha Mungu, hapana." Basi tukapakia. Mdogo wangu akaendesha, mimi nikakaa nyuma na mgonjwa.

Sasa bidhaa yenyewe. Chapa siitaji, zipo kadhaa na zote zinafanya kazi kwa namna moja. Ni pochi ya kitambaa yenye tabaka mbili. Katika lile la ndani kuna chembechembe kavu kama chumvi ya mawe. Unaizamisha kwenye maji ya kawaida kwa dakika chache zilizoandikwa kwenye maelezo, chembe zinanyonya maji na kuvimba zikawa ute mzito, unaifuta kwa nje, unaweka kichupa ndani. Hakuna barafu, hakuna umeme. Maji yanatoka polepole kupitia kitambaa na kukauka hewani, na yakikauka yanaondoka na joto. Mtungi wa bibi unaopoza maji kivulini unafanya kazi hiyohiyo. Wangu aliniletea mpwa wangu kutoka Uingereza, na kwa hesabu yake umekaribia shilingi laki moja. Kwa pochi ya kitambaa, laki moja inauma.

Kabla ya sifa na lawama, elewa kitu kimoja ambacho wauzaji wa mtandaoni wanakipita haraka: huu mfuko si friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Hapo mfuko haufiki hata ukiuombea. Kazi yake ni kichupa kile unachotumia sasa, ambacho kwa glargini kinaruhusiwa kukaa nje ya friji kwa siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 30. Kwa hiyo swali langu safari nzima lilikuwa dogo: je, utanibakizia kichupa chini ya 30? Nikanunua kipimajoto kidogo cha dijitali chenye waya, ncha ya waya nikailaza ubavuni mwa kichupa, kioo chake nikakining'iniza nje.

Dar kilinikatisha tamaa. Nje ilikuwa 31, ile Dar ya mwezi wa kumi ambapo shati linakushika mgongoni kabla hujafika kituoni. Mfuko umelowekwa vizuri, umefutwa, umening'inizwa nyuma ya siti ya dereva. Ukashuka mpaka 28 hivi ukagoma. Sikushangaa sana: hewa ya pwani tayari imejaa maji, haya ya mfuko yaende wapi? Chini ya 30 tulikuwa, sawa, lakini kwa nafasi finyu kiasi kwamba nilikuwa natazama kile kioo kuliko dirisha. Ukiwa unakwenda Tanga mwezi wa pili bila AC, hiyo nafasi finyu sidhani kama utaipata.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Kaka zangu wote ni watu wa kuondoka saa kumi na moja alfajiri ili wavuke Kibaha kabla ya malori, na walinipigia kelele. Lakini sindano ni saa kumi na mbili, na sindano haipewi paka ambaye hajala. Nilitaka ale nyumbani, kwenye sahani yake, nimwone amemeza, nimchome, nisubiri kama atatapika. Paka anayechomwa insulini kisha akatapika chakula chote kwenye foleni ya Mlandizi ni balaa: sukari inaweza kushuka, akaanza kuyumba, akalegea, akashikwa na degedege. Kwa ajili hiyo kwenye mfuko wa mlango nilikuwa na asali ya chupa ndogo na pakiti ya glukosi ya unga. Unampaka kwenye fizi, hummiminii kooni, halafu unampigia daktari. Havikuhitajika, ila bila hivyo nisingetoka getini.

Mikumi tulipita bila kusimama. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, matuta ya kutosha, na kibao cha faini za kugonga wanyama ukikisoma unapunguza mwendo mwenyewe. Mwenyekiti alipowaona nyani wamekaa pembeni mwa lami akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Ni Ruaha Mbuyuni ndiko mfuko ulikojieleza. Wanaopita njia hiyo wanalijua lile bonde: mibuyu, vitunguu vimepangwa kwenye ndoo kandokando ya barabara, na joto kavu linalokuwasha pua. Tulisimama chini ya kivuli, vioo vyote chini, kipimajoto cha nje kikasoma 36. Nikageuza kioo cha mfuko: 24. Nikadhani waya umechomoka. Nikaurudisha, nikahesabu dakika kumi, 24 tena, ikagusa 23 upepo ulipopita. Nyuzi kumi na mbili chini ya hewa ya nje, kwa maji ya bomba ya Mbezi! Mdogo wangu aliugusa akasema ni kama umetoka kisimani. Chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa kwenye siti hiyohiyo ilikuwa ya vuguvugu.

Kwa hiyo ndiyo tofauti. Joto kali la kavu, mfuko unafurahi. Joto la wastani lenye unyevu, mfuko unazubaa. Dodoma, Singida, Shinyanga, Iringa ya chini, Same, Voi, huko ununue macho yamefumba. Pwani, fikiria.

Hapohapo Ruaha nilimpima sukari. Unatoboa ukingo wa sikio, tone dogo, kijiti cha mashine, pamba. Muuza vitunguu mmoja akasogea na ndoo yake kutazama, akauliza, "Mama, huyo paka amefanya nini?" Ikasoma 17, kwa milimoli kwa lita. Nyumbani huwa kwenye 10 au 11 saa kama hizo. Ukiona namba hiyo mkono unawasha kuongeza dozi jioni. Nilimpigia daktari, naye akanijibu kama mtu aliyesubiri simu hiyo: usiongeze chochote, paka akiogopa sukari inapanda yenyewe, gari tu limetosha kumpandisha, akitulia itashuka. Mchome dozi yake ya kila siku. Ilishuka kweli, asubuhi yake Iringa. Nasema hili kwa sababu mtu ataona namba kubwa barabarani na kulaumu insulini imeharibika kwa joto, au kulaumu mfuko. Kipimajoto kilinisaidia hapo kuliko kitu kingine: nilijua insulini haijaiva.

Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Kitonga, askari wa usalama barabarani alichungulia nyuma. Akaona pochi imelowa inaning'inia, mabomba ya sindano kwenye kikontena, na kreti ya paka inanguruma.

"Mama, shikamoo. Hizi sindano za nani?"

"Marahaba, afande. Za paka. Ana sukari."

Akanitazama, akamtazama Mwenyekiti, akamwita mwenzake. Nikatoa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na karatasi ya daktari yenye jina la dawa na dozi. Wakasoma wote wawili, mmoja akasema mama yake pia anayo. Tukaongea habari za mama yake, za vipimo na mafuta ya kupikia, mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Karatasi ya daktari kaeni nayo, inafupisha maelezo.

Iringa tulilala. Gesti haikuwa na friji chumbani, na haikuhitajika, usiku wa kule kichupa kingekaa hata mezani. Hapa ndipo mfuko ukawa kero. Umelowa, hewa ya baridi, haukauki, ukiuweka juu ya kabati unaacha doa la maji. Kuanzia Mafinga hadi Makambako ni baridi ya kuvaa sweta hata mwezi wa kumi, na wanaopita kule mwezi wa sita au wa saba, msimu wa sakitu, wasiulowe kabisa. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona safi. Nilikifunga kichupa kwenye soksi, mfuko nikautupa nyuma ukauke.

Malalamiko yangu mengine. Maelezo yake hayasisitizi kwamba mfuko unataka upepo: ukiufungia ndani ya mkoba wa ngozi au mfuko wa plastiki haupozi kitu, ni kitambaa kibichi tu. Ukiulowesha kupita muda uliotajwa unavimba hadi kichupa hakiingii. Na kukausha ni kazi ya siku kadhaa. Niliuning'iniza kwa mama dirishani wiki nzima, ukiwahi kuukunja mbichi utanuka.

Na kile kichupa cha akiba, ambacho hakijafunguliwa? Kilisafiri kwenye deli, na chupa za maji zilizogandishwa, kimevikwa taulo nene kisigusane na barafu, kwa sababu hiyohiyo ya kuganda. Kwa hiyo mfuko haukuniondolea deli. Anayekwenda siku mbili tatu na kichupa kimoja anaweza kuliacha nyumbani. Mimi nilikuwa nakaa mwezi.

Kitu kingine kisichohusu mfuko lakini kinaua: wenye paka wanaotumia insulini ya mifugo, ile ya uniti 40 kwa mililita, wabebe mabomba yake ya kutosha safari nzima. Duka la dawa la njiani litakupa bomba la uniti 100, mistari yake haifanani, na utampa dozi isiyo yake. Sisi wa glargini ya binadamu tunatumia hayo ya 100, yanapatikana hata Makambako.

Kwa barabara ya bara naupa nyota nne na nusu, kwa pwani mbili. Ukiagiza, chukua saizi ya kichupa cha mililita 10, si ile nyembamba ya kalamu moja ya insulini. Ya kalamu kichupa hakiingii, na muuzaji wa mtandaoni hapokei kilichokwisha kuloweshwa.