Alamu ya mlangoni haikuwa na vocha, na kampuni ya ulinzi ikaniambia niko salama

"Dada, mfumo unaonyesha kwako kuko salama."

Hilo ndilo jibu nililopewa usiku wa manane na mtu wa zamu wa kampuni niliyoilipa inilinde. Kitasa cha mlango wangu kilikuwa kinaning'inia, king'ora kinalia juu ya kichwa changu, na yeye anakisikia kwenye simu. Nikamwambia, kaka, hiyo kelele huisikii? Akasema anaisikia, lakini kwenye kompyuta yake hakuna taarifa, hivyo hawezi kutoa gari la doria. Nikamwomba. Akarudia maneno yaleyale, halafu akaniuliza kama nina uhakika si upepo.

Upepo unakata kufuli?

Nakaa Sinza, ghorofa ya pili, na mdogo wangu wa kike na mtoto. Fleti zetu zina geti moja na mlinzi mmoja, mzee wa watu anayezunguka majengo matatu peke yake, simlaumu. Niliingia mkataba baada ya fleti ya chini kuvunjwa mchana kweupe. Tuliokuwepo Dar nyakati za panya road, yale magenge ya vijana waporaji, hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu ulinzi. Wakanifungia boksi jeupe ukutani, sumaku mbili mlangoni na kitufe cha dharura kando ya kitanda, wakaahidi kwamba nikikibonyeza, gari linafika ndani ya dakika 15.

Vifaa vyenyewe, haki ya Mungu, vilifanya kazi. Usiku ule mvua za masika zilikuwa zinamwagika na umeme ulikatika mtaa mzima, lakini betri ya ndani ya boksi ilishika. Mwizi alikata kufuli la geti la nondo la mlangoni kwangu, akausukuma mlango. Sumaku zilipoachana tu, king'ora kikaanza. Akakimbia. Jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima, alikuwa wa kwanza kufika, ameshika mchi wa kinu kwa mikono miwili. Huyo ndiye gari langu la doria. Namshukuru Mungu kwamba mwizi aliruka ukuta kabla vijana wa mtaani hawajafika. Sheria inakuruhusu kujitetea wewe na mali yako kwa nguvu ya kadiri, lakini umati wa usiku hauna kadiri, na sikutaka mtoto wangu aamke akute maiti kwenye ngazi.

Kesho yake akaja fundi wa kampuni. Akafungua boksi kwa bisibisi, akachomoa laini ya simu iliyomo ndani, akaiweka kwenye simu yake. Zikaanza kuingia meseji mfululizo: "Ndugu mteja, salio lako limekwisha." Boksi lilijaribu kupiga kituoni kwao likashindwa kwa kukosa vocha. Hata kile kitufe nilichokibonyeza mpaka kidole kikauma hakikuwa na njia ya kumfikia mtu. Vocha ya shilingi 1,000 ingetosha!

Nilikuwa nimeanza kupoa, nikisema moyoni hata hivyo king'ora kimetuokoa, niwasifie. Ndipo nikapiga ofisini. Dada wa huduma kwa wateja akaniambia kuweka salio ni jukumu la mteja, na kwamba nadaiwa shilingi 30,000 za fundi kuja. Mkataba nimeusoma ukurasa kwa ukurasa. Laini ni yao, imesajiliwa kwao, namba yake sijawahi kupewa. Ningeiwekea vocha vipi?

Kwa hiyo nikiulizwa kama alamu inafaa kwenye fleti, nasema ndiyo, inafaa sana. Nikiulizwa kuhusu kampuni, sitaki hata kuisikia. Kabla hujasaini, uliza laini ni ya nani na salio anaweka nani, kisha mwambie fundi afungue mlango alamu ilie mbele yako, na usimlipe mpaka simu ya kituoni kwao iingie. Polisi ni 112. Namba za majirani wa ngazi yako uwe nazo zote, wale unaosalimiana nao na wale msioongea. Na funguo ya kufuli la nondo itundikwe ndani mahali ambapo hata mtoto anapajua, maana moto ukiwaka hizo nondo zinakufungia wewe.

Mimi nimemwita fundi wa mtaani, ameweka laini yangu niliyoisajili kwa kidole changu, na sasa boksi linapiga kwangu, kwa mdogo wangu na kwa mama wa mchi. Barua ya kuvunja mkataba nimeipeleka kwa mkono na nakala wamegonga muhuri. Wanasema boksi ni mali yao. Waje walichukue, ila waje na pesa yangu ya miezi iliyobaki, na ile 30,000 wasinitajie tena.