Shule tatu za umma, na ile niliyoichagua

Kaunti ya mashambani haikupi shule nyingi za kuchagua. Nilizitembelea tatu, zote za sekondari, zote za umma, kwa ajili ya binti yangu anayependa kemia.

Ya kwanza ndiyo inayosifiwa na kila mtu, kwa kuwa wastani wake wa mtihani uko juu. Sawa, lakini uliza ni wangapi walioingia kidato cha kwanza na wangapi waliofika kwenye mtihani. Shule inayowachuja wanyonge njiani lazima wastani wake upande. Nilipouliza hapo, mazungumzo yakahamia kwenye uwanja wa mpira.

Ya pili ni ndogo. Watahiniwa wakiwa wachache, wawili watatu wakifeli wanaivuta shule nzima chini, kwa hiyo matokeo ya mwaka mmoja hayaniambii kitu. Nilitaka ya miaka kadhaa, nikaonyeshwa bila kusumbuliwa. Kilichonivutia zaidi ni maabara: meza zina madoa ya asidi, bureti (mirija ya kioo ya kupimia vimiminika) zimeoshwa na kupinduliwa kwenye stendi, daftari la kuazima vifaa limejaa sahihi za wanafunzi hadi wiki ileile. Kasoro ipo. Mwalimu wa kemia ndiye huyohuyo wa fizikia. Akiugua, masomo mawili yanalala.

Ya tatu ina majengo mapya, rangi bado inanuka. Maabara imefungwa, mwenye ufunguo hayupo. Basi.

Atakwenda ya pili, mradi tupate usafiri wa uhakika. Ni mbali, na mtoto anayeamka gizani kila siku husinzia kipindi cha kwanza hata mwalimu awe hodari vipi.