Chati ya milima ya shilingi 15,000: nimeitumia muhula mzima

Chati hii ya ukutani niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta. Alianzia 20,000, tukapatana 15,000. Nafundisha jiografia Mbagala, na miaka yote nimekuwa nikichora milima ubaoni, yote ikianzia kwenye mstari mmoja wa bahari. Kilichonifanya nitoe hela ni kwamba humu Mauna Kea imechorwa hadi miguuni.

Hiyo ni volkano iliyolala kisiwani Hawaii. Ililipuka mara ya mwisho miaka kama 4,500 iliyopita. Juu ya bahari ina mita 4,207, haimfikii Kibo wetu mwenye 5,895. Lakini mchoraji ameishusha rangi ya kahawia mpaka kwenye sakafu ya bahari, na kutoka huko mlima mzima unapita mita 10,000. Everest ni 8,849. Binti mmoja wa dawati la mbele aliitazama weee, kisha akasema: "Mwalimu, kumbe huyu kasimama ndani ya maji, sisi tunampima kuanzia kiunoni!" Nimefundisha mada hii mara nyingi, sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Ila chati imeandika "juu ya usawa wa bahari" ikaishia hapo. Wanafunzi wangu wanavuka Kigamboni, wanajua maji ya bamvua yanavyojaa na kupwa. Wakaniuliza: maji yakipwa, mlima unarefuka? Swali zuri mno. Ikabidi nieleze kuwa maji hupimwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 19, ukatafutwa wastani, na huo ndio sifuri. Mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha.

Chimborazo ya Ecuador nayo wameionea. Imewekwa pembeni na mita zake 6,263, bila kutaja kwamba kilele chake ndicho kilicho mbali kuliko vyote kutoka kitovu cha dunia, kwa sababu dunia imetuna kwenye ikweta. Nimeongezea mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

Plastiki yake inang'aa. Kuanzia saa nne asubuhi, waliokaa nyuma hawasomi namba. Itundike ukuta usiotazamana na madirisha. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji aikunjue yote: ya kwanza niliyopewa ilikuwa imechanika palepale kwenye Kilimanjaro.